Mizizi Hainyonyi

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na ugomvi na neno moja. Si na mtu, na neno. Neno lenyewe ni "kunyonya." Ukilitaja kwa habari ya mtoto mchanga na mama yake, sawa, hakukugusa. Lakini useme mizizi ya mahindi hunyonya maji, wee! Aliweka chaki chini, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, halafu akakuuliza kwa upole wa kutisha, "Mdomo wake uko wapi?" Nasi darasa zima tuliitikia, "Hauna, Mwalimu!" "Basi unanyonyaje?" Hapo kila mtu alitazama daftari lake.

Nasimulia habari zake kwa sababu neno hilo liliniingia mpaka kwenye mtihani. Watu wa kijiji chetu cha Qurus wote wanajua kwamba sikwenda sekondari. Wasichojua wengi ni kwamba yeye, mpaka nywele zake zikawa nyeupe, aliamini ndiye aliyenikosesha. Alikuwa na swali moja tu la kuniuliza, nami nilimkwepa miaka kumi na miwili. Nitafika huko. Kwanza mumjue, maana kumweleza mtu kwa kosa lake peke yake si haki.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la kijivu ambalo mbele yangu alilivua mara moja tu. Kwetu kuna baridi, hasa mwezi wa saba, ukungu wa msitu wa Ngorongoro unaposhuka asubuhi mpaka huoni bendera ya shule ukiwa umesimama chini yake. Alikuja kwa baiskeli kutoka Karatu, na baiskeli ile aliisukuma zaidi kuliko kuipanda, kwa sababu kila hatua chache aliona kitu cha kumsimamisha. Jani lililokunjamana, kichuguu, mzizi uliotokeza ukingoni mwa barabara. Alichelewa kila siku. Akifika, mwalimu mkuu amenuna, yeye ameshika jani mkononi, anasema, "Samahani sana, lakini hebu tazama hili."

Na alionja. Jamani, mtu yule alionja! Udongo alionja, majivu alionja, maji ya kila kisima alionja, magadi aliyoletewa na wafugaji alilamba mbele yetu huku anakunja uso. Alisema, "Maabara iliyonifikia ni ulimi wangu." Mama yangu, aayo kwa lugha ya kwetu, alimwona siku moja amepiga magoti kwenye shamba la watu anatafuna udongo. Alirudi nyumbani ameshika kiuno kwa kucheka. "Mwalimu wenu akipata mimba," aliniambia, "mtuite tuje na uji." Nilicheka, lakini nilijisikia vibaya pia, kwa sababu nilikuwa nampenda, na mtu unayempenda hutaki achekwe na mwingine isipokuwa wewe.

Sasa ugomvi wake na lile neno ulianza hivi, na wa kulaumiwa ni mimi.

Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa ile miaka ya sabini ambapo kila shule ina shamba, kila shamba lina zamu, na kila wiki kuna kipindi cha siasa. Siku hiyo alikuja katibu wa tawi la chama mwenyewe kutufundisha. Mtu mfupi, sauti nene, kofia hakuivua. Alitufundisha habari za unyonyaji, kwamba mnyonyaji ni yule anayeishi kwa jasho la mwingine. Halafu akanyoosha fimbo. "Nitajieni wanyonyaji!"

"Mabepari!" akasema mmoja.

"Vizuri! Wengine?"

"Makabaila!"

"Vizuri sana! Wengine?"

"Kupe!"

"Naam, kupe! Wengine?"

Orodha ikawa imekwisha. Mimi nilikuwa mtoto wa kiherehere, niko hivyo mpaka leo. Nikazungusha macho kutafuta mnyonyaji mwingine, nikaona ubaoni sentensi ya kipindi kilichopita ambayo hakuna aliyeifuta. "Mizizi hunyonya maji na chumvichumvi kutoka ardhini." Nikarusha mkono. "Mizizi!"

Darasa likacheka. Katibu hakucheka. Aligeuka, akasoma ubao polepole, kidole kikifuata kila neno. "Nani ameandika hivi?" Mwalimu wa sayansi alikuwa nje kwenye bustani ya shule, akaitwa, akaja na magoti yenye udongo. Mwalimu mkuu naye akaja mbio. Katibu akasema, "Ndugu Mwalimu, kijiji kizima kinalima mahindi. Wewe unawafundisha watoto kwamba mahindi yetu ni wanyonyaji?"

Leo mtu atacheka. Siku ile hakuna mtu mzima aliyecheka, maana mwalimu aliweza kuhamishwa kwa neno dogo kuliko hilo. Nilimwona mwalimu mkuu anatoka jasho katikati ya baridi. Mwalimu wa sayansi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kisha akasema, "Ndugu Katibu, nimekosea. Mzizi haunyonyi. Mzizi hauna mdomo. Maji yanatoka mahali yalipo mengi, yanakwenda mahali yalipo machache, yenyewe, bila kunyonywa na mtu."

Katibu akafikiri. Uso ukafunguka kidogo kidogo. "Kumbe maji yana siasa safi!" akasema, na hapo ndipo watu wakaruhusiwa kucheka. Akaondoka amefurahi, na baadaye tulisikia amelirudia jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji kama vile amelivumbua yeye.

Lakini mwalimu hakucheka. Nyumbani alikuwa na kitabu kimoja kinene cha Kiingereza alichobaki nacho kutoka chuoni. Alikwenda akakisoma sura yote ya mimea, akarudi Jumatatu macho mekundu. Akasimama mbele yetu akasema, "Mimi niliogopa, nikatafuta neno la kujiokoa. Nimesoma tena kitabu. Kumbe niliyoyasema kwa woga ndiyo kweli, na niliyokuwa nikiwafundisha miaka yote nimetulia ndiyo makosa. Naombeni radhi." Mwalimu kuwaomba radhi wanafunzi! Hatukujua tufanye nini. Mmoja wetu akaanza kupiga makofi, tukapiga wote.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu aliyepagawa. Alitaka tuone kwa macho. Alileta kiazi mviringo, akakichimba tundu katikati, akatia chumvi kavu ndani ya tundu, akakiweka kwenye sahani yenye maji kidogo. Kesho yake tulikuta tundu limejaa maji, chumvi imeyeyuka. Tulibisha, tukasema amemimina yeye. Akakubali tubishe. Akampa kiranja ufunguo wa darasa, akafanya tena kiazi kingine, na asubuhi maji yamo vilevile. "Haya, niambieni. Maji haya yamepandaje humu?" Msichana aliyekaa nyuma yangu akasema, "Mwalimu, kiazi kimekojoa." Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, koti na yote.

Alipomaliza kucheka alitueleza, na maelezo yake ninayo kichwani mpaka leo. Kiazi, alisema, ni kijiji cha vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na mzizi ni hivyohivyo, na jani, na hata mkono wako. Kila chumba kina ukuta mwembamba. Ukuta huo maji unayapitisha, lakini chumvi na sukari unazizuia mlangoni. Upande wenye chumvi nyingi, maji ni machache. Upande wenye chumvi kidogo, maji ni mengi. Basi maji yanahama, yanakwenda kule kwenye chumvi nyingi, mpaka pande zikaribiane. Ndani ya mzizi kuna chumvichumvi na sukari kuliko udongoni, ndiyo maana maji ya udongo yanaingia. "Hakuna anayeyaita. Hakuna anayeyanyonya. Yanakwenda," alisema.

Shida yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwa na neno. Kitabu kilikuwa na neno la Kigiriki lililovaa Kiingereza, nalo akilitamka darasani, "osimosisi," tulicheka. Alitaka neno la Kiswahili, neno moja, safi, la kumpa mtoto wa Qurus. Alikuwa na kidaftari cha kuandikia maneno hayo, na kila aliyepita alimwomba. Dereva wa lori la ngano aliombwa. Padri aliombwa. Aliandika "kupenya," akakata, akasema hata mwizi anapenya. Aliandika "kuchuja," akakata, chai ndiyo inayochujwa. Mwalimu mkuu kwa kumhurumia akamwambia, "Si useme kufyonza, yaishe?" Akatikisa kichwa. "Kufyonza ni kunyonya kulikovaa suti." Mpaka aliondoka kwetu hakulipata, na kidaftari kilikuwa kimejaa maneno yaliyokatwa.

Siku ya mnada Karatu alimwona mfugaji mmoja wa Kimasai aliyeshuka na ng'ombe kutoka pande za Kakesio, akamsimamisha amuulize habari za magadi. Yule mzee alidhani ni mnunuzi. Akamwonyesha meno ya ng'ombe, akamzungusha ng'ombe, akausifu ukoo wake. Mwalimu anauliza chumvi, mzee anajibu maziwa. Walipoelewana kwamba hakuna biashara, mzee alikasirika kwelikweli. Akamwambia kwa Kiswahili cha kukatakata, "Wewe mwalimu gani? Ng'ombe nalamba chumvi, nakwenda maji, hata kama mimi iko lala. Hiyo iko swali?" Akampa mgongo. Mwalimu alirudi anang'aa. Alitusimulia yote pamoja na matusi, akasema, "Nimesoma sura nzima ya kitabu, na mtu aliyenikasirikia amenieleza kwa pumzi moja kwamba chumvi inapokwenda, maji yanafuata."

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa msumbufu. Mwezi mzima madaftari yetu yalisahihishwa kwa penseli kwa sababu wino mwekundu wa shule, wote, aliumimina kwenye gilasi na kuchomeka maua meupe aliyoomba misheni, ili tuone wekundu ukipanda kwenye mishipa ya ua. Tuliuona, na ulikuwa mzuri, lakini mwalimu mkuu hakusema naye siku tatu. Fimbo hakuipenda, ila kwa uongo alichapa, na alichapa kwa uchungu hasa. Na huyu mtu wa kuhubiri maji asubuhi na jioni, nyumbani kwake alikuwa na makopo manne ya maua mlangoni, yote yamekauka. Kumwagilia alisahau. Nilipomuuliza aliona haya, akasema, "Haya ni ya kufundishia mnyauko." Uongo mtupu! Angekuwa mwanafunzi angechapwa.

Mwaka uliofuata mama alipata pigo. Kijiji kiligawa mbolea ya chumvichumvi, magunia meupe, na watu waliambiwa weka kidogo kando ya shina. Mama alikuwa mtu wa mkono mkubwa. Mgeni akija kwetu hali sahani moja, basi na mahindi aliyafanyia hivyohivyo, kila shina akalipa konzi nzima, na mvua ikakataa. Baada ya siku chache majani yalianza kuungua kwenye ncha, kisha yakajikunja. Mama alikaa kwenye tuta akalia. Hilo ndilo lilikuwa shamba letu la kula, hatukuwa na jingine. Nilikimbia kumwita mwalimu.

Alikuja, akapiga magoti, akafukua, akalamba. Akatema. "Mama, umeweka chumvi nyingi. Sasa udongo una chumvi kuliko mizizi. Maji yamegeuza njia, yanatoka kwenye mhindi yanarudi ardhini."

Mama akafuta macho kwa kanga. "Kwa hiyo ardhi ndiyo inayoyanyonya mahindi yangu?"

Mwalimu alifumba macho kama amekanyaga mwiba. "Mama, tafadhali. Hilo neno."

"Mwalimu, mahindi yanakufa, wewe unaniambia habari za neno?"

Akavua koti, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona bila koti, akalitundika kwenye uzio. Kesho yake hatukusoma. Darasa zima tulibeba maji kutoka mtoni, ndoo, madebe, vibuyu, na yeye mbele yetu na debe begani, siku mbili, tukaosha ile chumvi ishuke chini ya mizizi. Nusu ya shamba ilipona. Mwaka ule tulikula. Mama hakumcheka tena, au alimcheka kwa heshima. Kila alipovuna chochote alitenga chungu cha mwalimu, na akimwona njiani anatafuna udongo alimwuliza tu, "Leo mtamu?"

Swali lililomshinda nililiuliza mimi, nikiwa darasa la sita. Nilimwambia, "Mwalimu, kwenye mzizi nimekubali. Lakini miti ya kule ukingoni Ngorongoro, ile ya kuvunja shingo ukiitazama, maji yanafikaje juu?" Akafurahi. Akafunga mfuko wa nailoni kwenye tawi la mbaazi, akaukaza kwa kamba, na mchana ule mfuko ulijaa matone. Akasema jani linatoa maji hewani, na kila tone linalotoka linavuta lililo nyuma yake, na lile linavuta jingine, mpaka chini kwenye mzizi. Nikasema, "Basi jani ndilo linalonyonya." Darasa likashangilia. Yeye akaweka chaki chini. Akatoka nje.

Siku mbili hakunitazama. Siku ya tatu akanisimamisha. "Nimefikiri," akasema. "Mnyonyaji ni yule anayevuta akabaki nayo. Jani halibaki nayo. Karibu yote linayaachia hewani, yanakuwa ukungu, yanakuwa mvua, yanarudi kwa wote. Umeridhika?" Nikasema nimeridhika. "Mimi bado," akasema, "lakini ndipo nilipofika." Nilimpenda sana siku ile, kwa sababu nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu na mtu mzima amekosa usingizi kwa swali langu.

Sasa nifike kwenye mtihani.

Darasa la saba, siku moja kabla, mchana, alituita chini ya ukuta wa ofisi. Wengine walidhani anatuletea penseli. Alisimama anapangusa miwani, akapangusa tena, mpaka nikaona hapangusi kitu. Akasema, "Kesho, likija swali la mizizi, andikeni hunyonya."

Tukatazamana. Mimi nikasema, "Mwalimu, tuandike uongo?"

"Andikeni jibu," akasema.

"Lakini si kweli."

"Binti, anayesahihisha hajakaa darasani kwangu. Ana karatasi yake, ina neno lake. Ugomvi huu ni wangu, si wenu. Msinibebee. Andikeni hunyonya, mkishafika sekondari mtabisha kwa Kiingereza." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Hakungoja tumjibu, alichukua baiskeli yake akaenda, na safari hii aliipanda.

Swali lilikuja. La kujaza nafasi. "Mizizi hu......... maji na chumvichumvi kutoka ardhini." Ile "hu" wamekwisha kukuandikia wenyewe, wewe umalizie tu. Nilishika kalamu, nikaandika "n". Moyo ukakataa. Niliona kiazi, nikaona debe begani kwake, nikamwona amesimama ubaoni anatuomba radhi. Nikasema moyoni, mtu huyu ameadhirika peke yake miaka mitatu, na leo nami nimkane? Nikaikata ile "n", nikaikata na "hu" yao. Nikaandika pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo mpaka ikapinda ukingoni, "Mizizi hainyonyi. Maji huingia yenyewe kwa sababu ndani ya mzizi kuna chumvichumvi nyingi kuliko nje." Nikatoka nimejaa fahari. Mjinga mimi.

Majina yalipobandikwa yalikuwa matatu, langu halikuwamo. Nililia mpaka mama akaninyang'anya kanga niliyokuwa nafutia machozi, imelowa. Kama ni swali lile lililoniangusha, sijui. Swali moja haliwezi kumwangusha mtu, wengine wananiambia, na hesabu zangu hazikuwa nzuri. Lakini mwalimu aliamini ni lile. Alikuja nyumbani siku ileile. Nilipoiona baiskeli nikakimbilia kwenye mbaazi, nikalala chini. Nilimsikia.

"Mama, aliandika nini?"

"Sijui, Mwalimu. Muulize mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Alikuwa hapa sasa hivi."

"Nitamsubiri."

Akasubiri mpaka ng'ombe wakarudi. Mimi nimelala na mchanga mdomoni. Nilijua nikitoka nikasema kweli, nitamvunja. Na nisijifanye malaika, nilikuwa na hasira naye pia. Mwisho akaaga, akaondoka anasukuma. Mwezi wa kwanza akahamishiwa Samunge, kule kwenye milima ya Loliondo, mbali, na swali lake likaenda naye.

Lilirudi mara kwa mara. Dereva wa lori alinisimamisha sokoni, "Wewe ndiye binti wa Qurus? Kuna mwalimu Samunge anauliza, uliandika nini?" Muuguzi mmoja aliyekuja likizo aliniuliza hilohilo. Akaniambia yule mzee huacha kufundisha habari za mizizi, humwachia mwalimu mwingine kipindi hicho, yeye hutoka nje. Hilo liliniuma kuliko kukosa shule. Kila mara nilijibu, "Mwambie namsalimu sana."

Niliolewa, nikazaa watoto watatu, nikalima. Maisha yangu si mabaya, msinihurumie. Kisha mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa uani napepeta maharage, nikasikia hodi. Nikainua macho. Alikuwa Mwalimu, amepungua, jamani, amebaki miwani na mifupa. Amestaafu, anarudi kwao Mbulu, ameteremka Karatu makusudi na kutembea kwa miguu mpaka kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimpa kigoda. Nikamwambia makande yako jikoni yameiva, ngoja nipakue. Akainua mkono. "Sikuja kula. Kitu hakipiti hapa," akagusa koo. Alitazama watoto wangu, akawauliza majina, akawauliza darasa. Halafu akasema, "Lile swali la mizizi. Uliandika nini?"

Miaka kumi na miwili nilikuwa nimejitayarishia maneno, na yote yalikuwa ya kweli. Nilitaka ajue. Nilitaka ajue kwamba katika wilaya nzima kulikuwa na mtoto mmoja aliyemsikia. Lakini nilitazama mikono yake kwenye magoti, imeshikana kama ya mtu anayengoja hukumu, nikaona huyu mzee akiondoka na ile kweli hatafika Mbulu.

"Niliandika hunyonya, Mwalimu. Kama ulivyotuagiza."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Mimi niliangushwa na hesabu."

Alinitazama machoni. Nami sikuangalia pembeni. Kisha akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo, akavua miwani na kujifuta macho waziwazi mbele ya watoto. "Afadhali," akasema. "Afadhali, mwanangu. Ashukuriwe Mungu." Akakaa kidogo, akatabasamu, na tabasamu lile lilinichoma. "Unajua, mimi nilidhani wewe ungebisha. Wengine wote watatii, nikasema, yule atabisha."

Nilikaribia kusema. Nawaambia, ilifika kwenye ulimi. Nikaimeza.

"Nilikuwa mtoto, Mwalimu. Niliogopa."

"Ulifanya vizuri," akasema, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyepata kitu na kupoteza kingine papo hapo. Akapangusa miwani, akaivaa. Halafu akanusa kuelekea jikoni. "Hayo makande bado yana moto?"

Nikampakulia. Akala, akaongeza, akala tena, anawatania wanangu na mdomo umejaa. Mimi nimesimama mlangoni na kijiko, nalia, nikamwambia ni moshi.

Kila Kwaresima nakwenda kuungama, na dhambi zangu nazitaja zote moja baada ya nyingine. Hiyo moja siitaji. Padri ataniambia nijute, nami sijuti.